Kizingiti cha Taufiki

2 Rajab 1331

Bismillahi. Leo tumepata uwanja, na ninaanza kuandika ili asije mtu baadaye akadai kwamba mpira wa miguu Lamu uliletwa na watu wa Shela. Chama chetu kinaitwa Taufiki. Mimi, Shekhan bin Hashim, fundi wa milango, ndiye mkubwa wake, na ndiye ninayesimama langoni.

Ardhi ni ya shangazi yangu, Bi Mwanaarabu, dada wa baba. Iko nyuma ya mji, pale minazi yake ilipokufa miaka ile akakataa kupanda mingine kwa hasira. Ametuazima mpaka Idi, kisha ataona. Mahali pengine pote penye usawa katika mji huu pana makaburi, au mboga za mtu, au kisima, kwa hiyo nilimbusu mkono na sikumpa nafasi ya kubadili nia.

Kasoro ni moja. Ubavuni mwa uwanja, upande wa mashamba, ipo nyumba ya tembo ya Gharib. Ni nyumba ya udongo yenye ua wa makuti, mitungi imepangwa ukutani, na wanywaji wanakaa humo tangu alasiri. Ana ruhusa ya serikali. Fadhil, mwenzetu mwenye mbio kuliko wote, alisema, "Hapano patatuletea maneno." Nikamwambia sisi tunacheza mpira, hatunywi, na mstari wetu wa chokaa hauvuki ua wa mtu.

5 Rajab

Malango mawili yamesimama. Naweza kusema bila kujisifu kwamba hakuna mengine kama haya katika pwani nzima, na kama ni kujisifu basi najisifu.

Mabaharia wa manowari niliowaona wakicheza mwaka juzi walichomeka fito mbili mchangani wakatosheka. Watu wa haraka. Mimi nimesimamisha miimo ya mkoko, nikaweka kizingiti cha juu cha mbambakofi kilichoungwa katikati pasionekane kiungo, na kizingiti cha chini vilevile, kilichozikwa nusu mchangani. Lango la kaskazini nimelichonga mayungiyungi na mnyororo kuyazunguka. Patasi iliniteleza kwenye jani moja la kushoto. Nimelisugua na kulipaka mafuta na hakionekani kitu.

Baba alipita karakana nilipokuwa namalizia. Baba ni Mwalimu Hashim, mwenye chuo na imamu wa msikiti wa mtaani kwetu. Babu yangu alikuwa fundi wa milango. Baba aliiweka patasi chini akiwa kijana akashika kitabu, na kazi ikaniangukia mimi. Alisimama kidogo barazani akasema, "Umetonga mlango usio na nyumba." Kisha akaenda zake. Hata hakuusogelea.

9 Rajab

Mvua. Chokaa yote imeoshwa.

10 Rajab

Mvua.

13 Rajab

Tumecheza wenyewe kwa wenyewe. Fadhil aliwapita watatu, akanipita na mimi, akausukuma mpira kwa chini, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Mpira ukagonga kizingiti ukarudi ukampiga yeye muundi wa mguu.

Alisimama ameshika kiuno. "Shekhan, lango gani hili lina kizingiti?"

"Wewe umeona wapi mlango usio na kizingiti?"

Hakuna aliyewahi kuuona. Kisha kikasikika kicheko kutoka ua wa Gharib, na wanywaji wakaanza kupiga makofi juu ya makuti. Karani mmoja wa forodha aliyetupatia mpira, ambaye pia ndiye mwenye filimbi, alisema kanuni hazitaji kizingiti. Nikamuuliza kama zinakikataza. Alifikiri, akasema hazikikatazi pia.

Basi tumeanza kujifunza kuunyanyua mpira. Msumeno sitauleta. Anayetaka kuingia kwetu na anyanyue mguu.

20 Rajab

Wamekuja wa Shela, kwa miguu, wamevaa kofia mpya. Mkubwa wao ni Bwanamkuu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Alilizunguka lango la kaskazini akalipapasa. "Hunu ni uwanja ama ni nyumba ya arusi?" Nikajua limemchoma.

Tumekubaliana siku ya tatu ya Idi, hapa kwetu, na vizingiti vyote viwili vibaki. Alipoondoka aliutazama ua wa Gharib na mitungi inayochungulia. "Na jirani yenu naye yumo kwenye timu?" Wenzake wakacheka mpaka wakapotea kwenye vichaka. Sikulala vizuri kwa hasira.

26 Rajab

Leo ni siku mbaya.

Tulikuwa tunacheza baada ya alasiri. Fadhil aliunyanyua mpira kama nilivyomfundisha, ila aliunyanyua mno. Ukavuka ua wa Gharib ukaangukia mitungi. Tulisikia mmoja ukipasuka, kisha wa pili uliokuwa juu yake ukaporomoka. Tukaingia mbio, wanne, kuuokoa mpira, na mtungi wa tatu ukatumwagikia. Gharib hakutufokea. Alikuwa amepiga magoti anazuia mingine isianguke, akasema tu, "Tokani, tokani, mtarowa." Tulikuwa tumekwisha kurowa.

Hapo ikaadhiniwa magharibi, na usiku huu ni wa Miraji. Mji mzima ulikuwa unaelekea misikitini. Tulikimbia, tukatia udhu birikani kwa pupa, tukajipenyeza safu ya nyuma. Miguu yetu ilikuwa safi. Nguo hatukuzikumbuka. Ndivyo ilivyokuwa: watu wanne wazima hatukukumbuka kwamba tumevaa tembo.

Baba alisalisha. Alipotoa salamu hakuanza uradi. Aligeuka akatutazama safu kwa safu.

"Nani yuko hapano na tembo?"

Msikiti ulikuwa umejaa hadi ukumbini, na harufu sasa ilikuwa inatembea yenyewe.

"Nimeuliza."

Fadhil akasimama. Nami nikasimama, na wawili wengine. Sijapata kuona haya namna ile. Wazee ambao nimewatengenezea milango ya nyumba zao waligeuza shingo kunitazama. Baba hakupandisha sauti. Alituambia twende tukaoge, tubadili nguo, na tuirudie sala yetu, kisha akageukia kibla akaendelea kama kwamba hapakuwa na mwanawe aliyesimama nyuma.

27 Rajab

Aliniita asubuhi. Nilidhani ataniambia mpira ni haramu, na nilikuwa nimejiandaa kubishana.

"Mpira sina neno nao," alisema. "Kukimbia ni afya. Nguo hufuliwa, Shekhan. Uwanja utaufuaye?"

Nikamwambia mvua bado inanyesha, itauosha mchanga.

"Itaosha mtanga. Na ile nyumba ya tembo? Watu wa muyi huu wamenipa waana wao niwafunde. Kila siku nawaambia wakae mbali na tembo. Na mwanangu mwenyewe amesimamisha mlango wa mbambakofi pale pale tembo linapouzwa, akawaita waye."

"Baba, hatukupata mahali pengine."

"Nayua." Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ulinikera zaidi. "Lakini mimi sitasimama pale, na sitamwambia mzee yeyote amwate mwanawe asimame pale."

Jioni nilikwenda kwa shangazi kabla maneno hayajamfikia. Yalikuwa yamekwisha kumfikia. Bi Mwanaarabu alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Mimi siyui mambo ya mpira," alisema. "Mimi namyua ndugu yangu. Hashim akisimama kwenye uwanja ule siku ya Idi, mbele ya watu, uwanja ni wenu mpaka nife na baada yangu. Asiposimama, vuli ikinyesha napanda minazi. Miche imeshaota."

Niliiona kweli, imepangwa kivulini nyuma ya nyumba, mibichi kabisa. Nilitamani kuikanyaga.

1 Shaaban

Tumebaki sita. Baba yake Fadhil amemzuia kwa kumkabidhi tanuu la chokaa, alfajiri hadi jioni. Chokaa ya mistari bado ananiletea, anaificha kwenye kikapu cha samaki.

9 Shaaban

Upepo wa kusi. Mchanga umefunika kizingiti cha kusini chote. Nimekifukua peke yangu.

15 Shaaban

Leo nilimwendea Gharib kumwambia ahame. Naandika kama nilivyosema, bila kupamba. Nilimkuta nje anaushona mpira wetu, uliopasuka mshono siku ile ya mitungi. Hakuna aliyemwomba. Anatumia uzi wa tanga uliotiwa nta na mkono wake ni mzuri, lazima nikiri, mishono yote imelingana.

"Bwana Gharib," nikasema, "nyumba yako inatuvunjia chama."

"Nimesikia."

"Huwezi kuhama?"

Akakata uzi kwa meno. "Nihamie wapi? Popote nitakapohamia, tembo litakuwa ni tembo." Kisha akanipa kibao nikae, na mimi nikakaa, mtoto wa Mwalimu Hashim, mbele ya nyumba ya tembo, mchana kweupe.

Ni mtu wa Siu. Alikuja na mkewe Radhiya zamani, kazi hii akaikuta kwa mjomba wake akairithi. Mwenyewe hanywi. Nilikuwa najua hilo? Sikuwa najua. Nilikuwa nimemweka kwenye fungu moja na wanywaji wake na sikupata kumfikiria tena.

"Watu huya kwangu wamejitanda nguo usoni," alisema. "Wakitoka, wakinikuta ndiani, hawaniyui. Hutazama tini. Msikitini siendi, Bwana Shekhan, kwa kuwa nikienda nitawaaibisha wateja wangu walioko safu ya mbele." Alisema bila uchungu, kama anayeeleza bei ya nazi. "Nyinyi ndio wa kwanza kuya mtana. Mwaniita Bwana Gharib. Mkifunga bao mbele ya mato yangu, nafurahi kana kwamba nimefunga mimi. Mkiondoka, nitabaki na nani?"

Nilipoondoka alinipa mpira. Sikumshukuru ipasavyo. Nilikwenda kumfukuza mtu, nimerudi natamani angekuwa kwenye safu yetu ya kati.

22 Shaaban

Chakula cha mchana wali na samaki. Baba hali wali bila achari, na leo bakuli lilikuwa tupu, mama akamwita mtumishi kwa sauti ya chini aende "kule" akachukue siki. Nikauliza kule ni wapi. Mama akanikazia macho. Nikauliza tena.

"Kwa Radhiya," akasema. "Siki yote ya muyi huu hutoka wapi, wewe, mbinguni?"

Baba alikuwa anakula. Siki ilipoletwa alichovya kidole kwenye bakuli, akakilamba, akaendelea. Sikula tena, si kwa kuchukia, bali kwa sababu kuna jambo liliniingia kichwani likakataa kukaa kitako.

29 Shaaban

Kesho huenda ikawa Ramadhani. Kila mwaka siku kama hii Gharib hufunga nyumba na kumwaga tembo lililobaki. Mwaka huu hakumwaga. Nimemweleza nilichokifikiria, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi liwe siki." Wagema amewaambia wasilete tena, hata baada ya Idi. Mitungi yote ameifunika vitambaa. Nikamuuliza wateja je. Akasema watapata nyumba nyingine, wana miguu.

6 Ramadhani

Darsa ya baba baada ya alasiri imejaa mwezi huu. Nilikaa katikati, nikangoja wakati wa maswali.

"Mwalimu," nikasema, maana darsani simwiti Baba, "tembo likikaa likageuka siki lenyewe, hukumu yake ni nini?"

Alikifunga kitabu juu ya kidole chake. Alinitazama muda mrefu. Alijua vizuri sana ni tembo gani, na ni mitungi ipi, na iko kando ya nini. Watu nao walijua, kikohozi kilisimama. Angeweza kusema swali hili tutalirudia kesho. Angeweza kunigeuzia maneno mpaka nijute, anao ulimi wa kufanya hivyo.

"Likigeuka lenyewe," alisema, "bila ya kutiwa kitu, ni tohara. Na mtungi wake unatoharika pamoja nalo. Hata ukilitoa kivulini ukaliweka juani. Lakini likitiwa kitu kabla halijageuka, hata chembe ya chumvi, halitohariki." Akaongeza, akinitazama mimi, "Wewe umekula siki kwangu tangu kuota meno. Wadhani sikuwa nayua yatoka wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nimekuwa nikimwona baba mtu wa kukataza, na labda nilipenda kumwona hivyo kwa kuwa iliniwia rahisi. Leo nimemwona akitoa jibu lililo dhidi ya matakwa yake mwenyewe, kwa kuwa ndilo jibu. Nimejivunia kuwa mwanawe kuliko nilivyowahi kujivunia mlango wowote.

Nilikwenda mbio kwa Gharib. "Usitie kitu." Akasema hajatia kitu na hatatia.

12 Ramadhani

Harufu imebadilika. Ukipita karibu na ua, meno yanakaza.

24 Ramadhani

Baba amekwenda mwenyewe. Sikumwomba. Baada ya alasiri alivaa viatu, akachukua bakora, akasema, "Nipeleke."

Tulipita katikati ya uwanja. Hakulitazama lango, alipita kando yake kama mtu anayepita nyumba ya watu. Gharib alimwona akija akasimama mlangoni bila kujua aweke wapi mikono. Radhiya alijitanda kanga akarudi nyuma ya mlango. Sidhani kama imamu yeyote amewahi kusimama katika ua ule.

Hakuna aliyeweza kuonja, sote tumefunga. Baba aliinama mtungi kwa mtungi, akafunua kitambaa, akanusa, akafunika. Alichukua muda. Kwenye ule mkubwa, wa pembeni, ambao peke yake ni karibu nusu ya siki yote, alikaa zaidi. Akanusa mara ya pili.

"Humu muna pilipili."

"Hapana, Mwalimu," Gharib akasema. "Sikutia kitu. Wallahi sikutia."

"Usiape."

Nyuma ya mlango ikatoka sauti ya Radhiya, nyembamba. "Nimetia mimi, Mwalimu. Pilipili na chumvi kidogo. Mimi kila siki naitia, mkono umezoea. Sikuambiwa."

Niliona Gharib amefumba macho. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Pilipili, baada ya yote yale, pilipili.

"Ulitia lini, mwanangu?" baba akamuuliza, kwa sauti anayowauliza watoto wa chuo wanaoogopa. "Tembo lilikuwa limeshageuka au bado?"

Jibu la kutuokoa lilikuwa jepesi, na wote wanne tulilijua: lilikuwa limeshageuka. Hakuna ambaye angeweza kumpinga.

"Siyui," Radhiya akasema. "Ilikuwa siku za mwanzo za mfungo. Wallahi siyui."

Baba alitikisa kichwa, polepole. "Hii nyingine yote ni siki safi. Hii hapa, kwa kuwa hatuna yakini, inabaki na asili yake, tembo."

Gharib ndiye aliyekwenda. Hakuuliza kama kuna njia nyingine, hakusema hii ni jasho langu la mwaka. Aliukumbatia mtungi ule mkubwa, akauburura hadi nyuma ya nyumba, mbali na uwanja, akachimba shimo akaumwaga wote mpaka tone la mwisho. Radhiya alimletea maji akausuuza. Mkondo ulikuwa unanukia vizuri sana, na ilikuwa saa ya njaa, na sote tulisimama tunautazama ukizama mchangani.

Baba alikuwa ameegemea bakora. Uso wake sikuuelewa. Gharib aliporudi, mikono imerowa hadi viwiko, baba alisema, "Oga, ubadili nguo. Utafuturu kwangu yeo. Kisha tutasali pamoja."

"Mwalimu, mimi—"

"Na Radhiya aende kwa mama yake Shekhan. Mwambieni asitie pilipili kwenye uji."

Ndilo neno la kwanza la mzaha nililomsikia baba akilisema nje ya darsa mwezi huu. Gharib aliingia ndani haraka. Alikaa huko zaidi ya mtu anayebadili nguo, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Njiani nilimuuliza baba kama atakuja siku ya Idi. "Nitaona," akasema.

27 Ramadhani

Fadhil amerudi. Baba yake alimkuta Gharib safu ya pili msikitini, akamtazama, akatazama chini, kisha akamwachia mwanawe ruhusa bila kuulizwa. Wengine nao wamemfuata, tumetimia kumi na mmoja.

1 Shawwal

Idi. Nimepaka malango mafuta. Baba hajasema kitu.

3 Shawwal

Nitaandika yote hata kama mafuta ya taa yataisha.

Watu walianza kuja tangu adhuhuri ilipokwisha. Wa Shela walikuja na ngoma yao, na nusu ya kijiji nyuma yao. Wa mtaani kwetu walijaa upande wa mji. Upande wa mashamba, mbele ya ua ambao mwaka mzima watu wameupita wakijifunika, Radhiya alikuwa ametandika mikeka, na wanawake wamekaa, na shangazi Bi Mwanaarabu katikati yao kama aliyekuja kuhesabu nafasi za minazi. Mitungi ya siki ilikuwa imepangwa nje, midomo wazi, na watu walikuwa wakinunua huku wakisubiri. Gharib alivaa kanzu nyeupe. Kila aliyempita alimsalimu kwa jina.

Baba hakuwapo. Filimbi ikalia, na hakuwapo bado.

Shela ni wazuri, sitasema uongo. Wana nguvu na wana mbio. Lakini wamezoea kucheza pwani, mpira wao unatembea chini, na kwetu mpira wa chini hauna maisha. Mara tatu waliupeleka ukagonga kizingiti, na mara ya tatu Bwanamkuu akakipiga teke kwa hasira akaumia kidole. Fadhil alitufungia la kwanza kwa kuunyanyua juu ya mabega ya mlinzi wao. Bwanamkuu akasawazisha kwa kichwa, bao safi, nilirukia hewa. Tulipobadilishana upande nilisimama lango la kaskazini, chini ya mayungiyungi yangu, na hapo nikamwona.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya uwanja, bakora mkononi, na wazee wa msikiti watatu nyuma yake. Viatu vyake vilikuwa juu ya chokaa yenyewe. Nilimtafuta shangazi kwa macho ng'ambo ya pili. Alikuwa amemwona pia. Alimwinamia Radhiya akamwambia kitu, wakacheka wote wawili.

Fadhil akafunga la pili. Halafu tukashikilia. Naandika neno hilo moja lakini lilikuwa jambo refu. Mwisho kabisa Bwanamkuu alitoka katikati ya watu wetu peke yake, akanidanganya kwa bega, nikaanguka kushoto na mpira ukapita kulia, ukiviringika taratibu kuelekea wazi. Nilikuwa nimelala kifudifudi. Niliutazama ukienda. Ukafika kwenye kizingiti, ukakigonga, ukarudi hatua mbili, ukasimama. Niliutambalia nikaulalia, na filimbi ikalia.

Kelele zilizotokea ua wa Gharib zilisikika forodhani, nimeambiwa. Yeye mwenyewe alivuka mstari kanzu imepandishwa mkononi, akaninyanyua kama gunia. Bwanamkuu alikuja anachechemea. Alikitazama kizingiti, akanitazama mimi, akanipa mkono. "Kwenu," alisema, "hata mpira haungii bila hodi." Mwakani tunakwenda kwao. Amenitaka nikamchongee malango, na nimekubali, nikamuuliza atapenda vizingiti au hapana. Akasema niulize swali hilo mwakani.

Jua lilikuwa linashuka, na msikiti wa mtaani usingewatosha watu wale. Baba akaingia uwanjani. Watu wakampisha.

"Shekhan, kibla kiko upande gani hapano?"

"Lango la kaskazini, Baba."

"Ulilisimamisha hivyo kusudi?"

"La, Baba. Jua lisitupige matoni."

Akacheka kidogo. Maji ya udhu yalitoka kisimani kwa Gharib, hapakuwa na kisima kingine karibu. Wazee wetu, Shela na sisi, walipanga mstari katika ule ua, wakikunja mikono ya kanzu, na Gharib akiwateka ndoo baada ya ndoo, hakutaka mtu amsaidie. Kisha tukasimama. Hakukuwa na haja ya kunyoosha safu, mistari ya chokaa ya Fadhil ilikuwa tayari imenyooka. Gharib alisimama upande wangu wa kulia, bega kwa bega, na alinuka siki, na mimi nilinuka jasho, na baba alikuwa mbele yetu mbele ya lango.

Baada ya sala shangazi alimwita Fadhil, kwa kuwa alikuwa karibu, akamwambia aje kesho achukue miche, akaipande kwengine kokote.

Watu walipoanza kutawanyika baba alibaki. Alilisogelea lango kwa mara ya kwanza tangu nilichonge. Aliweka kiganja juu ya mwimo, akakipitisha kwenye mnyororo, polepole, kwa namna ambayo ni mtoto wa fundi tu angejua, kidole gumba kikitangulia. Nilisimama nyuma yake kama mwanagenzi.

"Jani hili la kushoto," alisema. "Patasi ilikutoroka."

"Naam, Baba."

"Babu yako angalikupiga." Akalisugua jani tena. "Lakini angalikuata uendelee."

Akaunyanyua mguu wa kulia, akakivuka kizingiti, akaenda zake nyumbani. Sikumuuliza kama jani lile aliliona kabla ya takbiri, baada ya salamu, au katikati yake.